Edgar Sengier, mzungu aliyeuza uraniamu ya Shinkolobwe

Wasomaji wetu, hapa Bukavu mtoto wa shule anajua kwamba bombe ya atomiki ilianguka Hiroshima. Anajua tarehe, 6 Agosti 1945, kwa sababu iko ndani ya kitabu cha historia na mwalimu anaiuliza kwenye mtihani. Lakini ukimuuliza mawe ya kutengeneza bombe ile yalitoka wapi, atakujibu Marekani. Wakubwa wengi watajibu vilevile. Mawe mengi yalitoka hapa kwetu Kongo, kwenye kilima kimoja karibu na Likasi, Katanga, kinachoitwa Shinkolobwe. Na mtu aliyeyauza alikuwa Mbelgiji mmoja, enjenieri wa migodi, jina lake Edgar Sengier.

Zamani mji wa Likasi uliitwa Jadotville, Lubumbashi ikaitwa Elisabethville, na sisi hapa tuliitwa Costermansville. Karibu kila mahali palipewa jina la mzungu. Sengier hakupewa mji. Alipewa kitu kingine, tutakifikia.

Alizaliwa 9 Oktoba 1879 huko Kortrijk, Ubelgiji. Alisoma uenjenieri wa migodi katika Chuo Kikuu cha Louvain akamaliza mwaka 1903. Mwaka 1911 akaingia katika kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni ile ilikuwa imeanzishwa 1906, reli ilikuwa imefika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka huohuo 1911 ndipo shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi. Kwa hiyo Sengier aliingia mlango ulipofunguliwa. Akapanda polepole, cheo kwa cheo, mpaka akawa mkubwa wa kampuni nzima na mmoja wa wakubwa wa Société Générale ya Ubelgiji, ile iliyoshika karibu uchumi wote wa koloni. Hakuwa gavana wala mwanasiasa, na hakuna mtu aliyempigia kura. Lakini katika Katanga ya wakati ule, Union Minière ilikuwa na nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, na chakula kilipimwa kwa kilo kila wiki. Mtu anayeongoza kitu cha namna ile ana nguvu kuliko gavana, hata kama hana bendera.

Kilima chenyewe kiligunduliwa mwaka 1915 na Mwingereza Robert Sharp. Siku zile uraniamu haikuwa na bei. Watu walitafuta radiamu, kitu kidogo sana kinachopatikana ndani ya mawe ya uraniamu, ambacho madaktari wa Ulaya walikitumia kutibu kansa. Gramu moja ya radiamu iliuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Ndiyo, gramu moja. Ilibidi kusaga tani na tani za mawe ili kupata gramu hiyo. Mawe yalichimbwa Shinkolobwe, yakapelekwa mpaka Ubelgiji, na kuanzia 1922 kiwanda cha Olen kikatoa radiamu. Kwa miaka kadhaa Ubelgiji, kwa mawe ya Kongo, iliongoza soko la radiamu la dunia nzima. Uraniamu iliyobaki ilitumiwa kidogo kupaka rangi vyombo vya udongo na vioo, na nyingine ilirundikwa tu.

Mawe yale hayakuwa ya kawaida, na bila hilo habari yote inayofuata haieleweki. Katika inchi zingine, kama Kanada na Marekani, mawe yenye uraniamu chini ya asilimia 1 yalihesabiwa kuwa mazuri. Ya Shinkolobwe yalifika asilimia 65. Wachimbaji wetu wa Nyabibwe au wa Kamituga wanaelewa maana ya tofauti ya namna hii. Ni kama mwenzako anaosha mchanga siku nzima apate punje moja, na wewe unachukua dhahabu kwa mikono miwili.

Kuhusu jina Shinkolobwe, wazee wa kule wanasema ni tunda fulani ambalo ukilipika na kulikamua linakuchoma. Inasimuliwa pia kwamba jina hilo hupewa mtu mpole ambaye siku ukimchokoza unamtambua.

Mnamo 1937 hivi mgodi ulifungwa. Radiamu iliyokuwa ghalani ilitosha, na bei ilikuwa imeshuka. Maji yakaingia ndani ya mashimo, pampu zikanyamaza. Kama dunia ingebaki vile, Sengier angestaafu kama mkubwa mwingine yeyote wa kampuni ya shaba, na mimi nisingeandika juu yake.

Lakini mwisho wa 1938, wanasayansi wa Ujerumani waligundua kwamba chembe ya uraniamu inaweza kupasuliwa, na ikipasuka inatoa nguvu nyingi kupita kiasi. Habari ilienea haraka. Mwezi Mei 1939 Sengier alikuwa London, akakutana na mwanasayansi Mwingereza, Sir Henry Tizard, mshauri wa serikali ya kule. Tizard alimtahadharisha kwamba mawe anayoyashika mkononi yakiangukia kwa adui, yanaweza kuwa maangamizi kwa inchi zao zote mbili. Waingereza walitaka haki ya kununua mbele ya wengine, Sengier akakataa. Lakini onyo lile hakulisahau. Siku chache baadaye wanasayansi wa Ufaransa waliokuwa na Frédéric Joliot-Curie wakaja nao, wakiomba uraniamu kwa majaribio yao. Kwa hao alikubali. Mpango ule ulikufa Wajerumani walipoivamia Ufaransa mwaka 1940.

Na Wamarekani je? Agosti 1939, Albert Einstein alimwandikia barua Rais Roosevelt akimweleza hatari ya bombe. Ndani ya barua hiyo Kongo ya Wabelgiji ilitajwa kama mahali muhimu kuliko pote pa kupata uraniamu. Zaidi ya hayo, rafiki zake waliomsukuma kuandika, walifikiria kwanza aandike kwa Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, ambaye Einstein alimfahamu, ili amwombe uraniamu ya Kongo isiuzwe kwa Wajerumani. Kwa hiyo wazo la kwanza halikuwa hata bombe. Lilikuwa kufunga mlango wa Shinkolobwe.

Vita ilipoanza, Sengier alihama Brussels akaenda New York, akiwa na ruhusa ya kuongoza kampuni peke yake kama Ubelgiji itatekwa. Kabla ya kuondoka aliagiza radiamu na uraniamu iliyokuwa Olen isafirishwe nje. Radiamu iliondoka. Uraniamu ilichelewa, na Mei 1940 Wajerumani wakaikuta palepale. Zaidi ya tani 1,000 za mali iliyotoka Kongo zikaingia mikononi mwa wanasayansi wa Hitler, na Wamarekani waliikuta sehemu kubwa yake Ujerumani mwezi Aprili 1945, vita ikikaribia kuisha. Wale wanaomsifu Sengier kama mtu aliyeona mbele husahau kusema hili. Aliona mbele, ndiyo, lakini mawe ya Shinkolobwe yalikuwa pande zote mbili za vita.

Mwishoni mwa 1940 akafanya kitu ambacho hakuna mtu aliyemwomba. Alituma agizo Katanga kwamba uraniamu iliyokuwa pale tayari, karibu tani 1,200, ipakiwe na kupelekwa New York kimyakimya. Ilipitia bandari ya Lobito, Angola, ikavuka bahari ya Atlantiki, na mwisho wa mwaka ikawa imefika. Ikawekwa ndani ya ghala moja katika kisiwa cha Staten Island, mapipa ya chuma zaidi ya 2,000, chini ya daraja ambapo magari hupita kila siku. Mapipa yaliandikwa kwamba ni mali ya Kongo ya Wabelgiji. Hapakuwa na ulinzi wa kusema. Yalikaa pale karibu miaka 2.

Mwaka 1942 Sengier alijaribu kuwaambia wakubwa wa Washington juu ya mapipa yake, zaidi ya mara moja. Wenyewe walikuwa wanataka kobalti. Uraniamu? Hawakushtuka. Ofisi iliyozungumza naye haikujua kwamba ofisi nyingine ya serikali ileile ilikuwa inatafuta uraniamu kwa udi na uvumba. Sisi tunaozoea kutumwa kutoka biro hii mpaka biro ile tutamwelewa. Mwishowe akanyamaza, akangoja.

Tarehe 18 Septemba 1942 mlango wa biro yake ya New York, mtaa wa Broadway, ukafunguliwa, akaingia mwanajeshi aliyevaa kiraia. Alikuwa Kanali Kenneth Nichols, wa ule mpango wa siri wa kutengeneza bombe uliopewa jina Manhattan. Sengier alikuwa mtu wa kusema kidogo. Kabla ya salamu nyingi, alitaka kujua kama mgeni amekuja kwa mazungumzo tu au ana mamlaka ya kununua. Nichols akajibu kwamba anayo. Haikupita saa moja, wakakubaliana. Mapipa yote ya Staten Island yauzwe kwa jeshi la Marekani, na uraniamu nyingine iliyobaki juu ya ardhi kule Shinkolobwe, karibu tani 3,000, iuzwe pia. Mkataba wa kwanza uliandikwa kwa kalamu juu ya karatasi moja ya manjano, sentensi chache tu. Sengier akabaki na nakala.

Nimefikiria mara nyingi juu ya ile karatasi. Watu wawili ndani ya chumba kimoja, mmoja Mbelgiji, mmoja Mmarekani. Hakuna Mkongomani ndani ya chumba, wala ndani ya jengo, wala aliyepewa habari hata baadaye. Hata serikali ya Ubelgiji, iliyokuwa uhamishoni London, haikuelezwa wakati ule mawe ni ya kazi gani.

Turudi Katanga, kwa sababu wakati Sengier anangoja New York, damu ilikwisha kumwagika kule. Vita ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu na kampuni ilidai shaba nyingi zaidi. Wafanyakazi wazungu wa Union Minière walitangulia kudai nyongeza. Halafu, Desemba 1941, wafanyakazi weusi wakagoma Elisabethville, Jadotville na Kipushi. Walidai mshahara unaofaa. Tarehe 9 Desemba walikusanywa kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuja mwenyewe na askari. Msemaji wa wafanyakazi alikuwa Léonard Mpoyi, mtu aliyesoma, karani. Mpoyi alikataa kuwaambia wenzake warudi kazini kabla ya kupata jibu. Akapigwa risasi akafa palepale, kisha askari wakafyatua ndani ya kundi la watu. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Utawala ulitaja watu 15 hivi, wengine wanazungumza juu ya makumi mengi.

Sengier hakuwa pale, wala siwezi kusema aliagiza risasi. Lakini ni wafanyakazi wa kampuni yake, na shaba waliyoichimba ndiyo ilimfanya awe mtu wa kupokelewa Washington. Miezi 9 baadaye tu alikuwa anaandikiana ile karatasi ya manjano. Vitabu vingi juu ya bombe ya atomiki vinaweka matukio haya mawili mbali sana, kama yalitokea katika dunia mbili. Yalitokea katika kampuni moja.

Baada ya mkataba, Wamarekani walituma maenjenieri wa jeshi kufungua tena Shinkolobwe. Wakavuta maji, wakarudisha mashini, wakapanua viwanja vya ndege vya Léopoldville na Elisabethville. Safari ya mawe ikabadilishwa, kwa kuwa Angola, koloni ya Wareno, ilijaa wapelelezi. Yakapanda treni mpaka Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, yakashushwa ndani ya mabato kwenye mto Kasai na mto Kongo mpaka Léopoldville, yakapanda treni tena mpaka Matadi, na kutoka hapo meli. Wapelelezi wa Marekani walizungukazunguka Kongo wakijifanya wafanyabiashara, ili kuchungulia kama kuna mawe yanayovushwa kwa Wajerumani. Jina Shinkolobwe likafichwa. Hata ndani ya makaratasi rasmi watu walikwepa kulitaja.

Na wachimbaji? Wengi walikuwa wameletwa kutoka mbali. Kwa miaka mingi Union Minière ilichukua watu Lomami, Kasai, hata Ruanda-Urundi hapa jirani. Walichimba, walichagua mawe kwa mikono, wakajaza magunia, wakabeba. Mawe ya uraniamu ni mazuri kwa macho, mengine meusi, mengine ya manjano na kijani. Hakuna aliyewaambia kwamba mawe hayo yanatoa miale isiyoonekana. Nieleze kidogo hapa, kwa sababu wachimbaji wetu pia wanauliza. Jiwe la uraniamu likiwa mbali nawe halikuui mara moja. Ubaya uko ndani ya vumbi unalovuta na ndani ya gesi moja isiyo na harufu, radoni, inayotoka kwenye mawe hayo na kujaa ndani ya shimo lisilopitisha hewa. Ukivuta miaka mingi, mapafu yanaharibika, kansa inaweza kuja, na inakuja umeshasahau mgodi. Ndiyo maana ni rahisi sana kwa kampuni yoyote kusema haihusiki. Mzee anakufa kijijini kwake, mbali na Katanga, anakohoa damu, familia inasema amerogwa.

Bombe ya Hiroshima ilikuwa ya uraniamu. Ile ya Nagasaki, 9 Agosti, ilikuwa ya plutoniamu, ambayo nayo inatengenezwa kwa kuchoma uraniamu ndani ya riakta. Sehemu kubwa kabisa ya uraniamu yote ya mpango wa Manhattan, zaidi ya nusu, ilitoka Kongo. Mpaka mwisho wa mwaka 1945 watu karibu 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na karibu 70,000 au zaidi Nagasaki. Walikuwa wamama sokoni, wanafunzi, wagonjwa. Maelfu ya wengine walikuwa Wakorea waliopelekwa Japani kufanya kazi, watu wa koloni kama babu zetu.

Sengier yeye alipewa medali. Mwaka 1946, Washington, Jenerali Leslie Groves, mkubwa wa mpango wa Manhattan, alimvalisha Medal for Merit, heshima kubwa ya raia kwa Marekani wakati ule. Inasemekana ndiye raia wa kwanza asiye Mmarekani kuipata. Wakati wa kumpa, sababu kamili haikutangazwa wazi, kwa kuwa uraniamu ya Kongo ilikuwa bado siri na Marekani ilikuwa bado inaihitaji. Halafu wataalamu wa madini walipogundua jiwe jipya katika mgodi wa Luiswishi, karibu na Elisabethville, wakaliita sengierite. Ni jiwe la kijani lenye shaba na uraniamu ndani yake. Ndicho hicho kitu nilichosema. Wengine walipewa miji, na miji ikabadilishwa majina. Jiwe limebaki na jina lake.

Tukifika hapa lazima tuseme juu ya umeme, kwa sababu habari ya Sengier haiishii kwenye bombe. Tarehe 26 Septemba 1944 Ubelgiji, Marekani na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa siri. Uraniamu ya Kongo itauzwa kwa Wamarekani na Waingereza peke yao kwa miaka. Kwa upande wake, Ubelgiji iliomba ikubaliwe kuingia katika teknolojia ya nishati ya atomiki siku itakapokuja. Ikapata. Mwaka 1952 kituo cha utafiti wa nyuklia kikaanzishwa Mol, na Wabelgiji wakawa kati ya watu wa kwanza Ulaya kujenga riakta. Riakta za Doel na Tihange, zilizokuja baadaye, zimetoa kwa miaka mingi karibu nusu ya umeme wa Ubelgiji. Sisi hapa tuna mto Ruzizi, tuna mabwawa, na tunajua delestaje kwa jina lake la ubatizo. Ukiwa Kadutu saa 1 ya usiku na mshumaa, halafu ukasoma ule mkataba wa 1944, unaelewa ni nani alikuwa mezani na ni nani alikuwa nje.

Kongo haikukosa kila kitu, lazima niwe mkweli. Padri mmoja Mbelgiji, Monseigneur Luc Gillon, mwanafizikia na rekta wa Chuo Kikuu cha Lovanium, alisema kwa watu wake kwamba inchi iliyotoa uraniamu inastahili riakta. Akapigania, akapata. Tarehe 6 Juni 1959 riakta ndogo ya utafiti, TRICO I, iliwashwa juu ya mlima Amba, Léopoldville. Ilikuwa ya kwanza katika Afrika nzima, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Nguvu yake, kilowati 50, isingetosha hata kwa kartié moja. Ilikuwa ya masomo, kupima udongo, mimea, kutengeneza dawa za hospitali. Mwaka 1972 ikaja ya pili, TRICO II, kubwa zaidi. Hiyo imesimama tangu 2004. Vijiti viwili vya mafuta ya nyuklia viliibiwa pale miaka ya 1970, na kimoja kilikamatwa Italia mwaka 1998, kikiwa mikononi mwa watu wa mafia. Kilima chenyewe kinaliwa na mmomonyoko wa udongo. Watu wa Bukavu, wanaoona nyumba zikishuka na mvua kila mwaka, hawahitaji maelezo.

Sengier aliacha uongozi wa kila siku mwaka 1949, akabaki ndani ya baraza la kampuni mpaka 1960. Mwaka huo ni uhuru. Kabla ya bendera kubadilishwa, Wabelgiji waliondoa mashini za Shinkolobwe na kufunga mashimo kwa saruji. Hawakutaka Kongo huru, wala Warusi, waikute kazi iko tayari. Siku 11 baada ya uhuru, 11 Julai 1960, Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa inchi yake, na Union Minière ikamlipa yeye kodi ambayo ilipaswa kwenda Léopoldville. Miezi 6 na kidogo baadaye, Lumumba akauawa Katanga, 17 Januari 1961. Watu wanaouliza kwa nini mataifa makubwa yalikuwa na wasiwasi mkubwa hivyo juu ya inchi changa yenye bendera ya siku chache, wasisahau kilima kile. Si sababu peke yake. Shaba na kobalti zilikuwepo, vita baridi pia. Lakini kilima kilikuwepo.

Alikufa 26 Julai 1963 huko Cannes, Ufaransa, mji wa matajiri kando ya bahari. Alikuwa na miaka 83. Miaka michache baadaye Mobutu akaitaifisha Union Minière, ikaja kuitwa Gécamines.

Saruji haikudumu. Miaka ya 1990, Gécamines ilipoanguka na watu kukosa mishahara, wachimbaji wa mkono walirudi Shinkolobwe kutafuta kobalti. Maelfu waliishi pale, pamoja na wake na watoto, nyumba za turubai juu ya mashimo yaleyale. Kobalti ya pale imechanganyika na uraniamu, kwa hiyo gunia likiuzwa, uraniamu inaondoka pamoja nayo, aidha mnunuzi anajua au hajui. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitia sahihi dekreti ya kufunga mgodi. Watu waliendelea. Mwezi Julai mwaka huo shimo likaanguka, wakafa wasiopungua 8. Baadaye kijiji kikabomolewa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifika mwisho wa 2004 na kueleza kwamba hatari ya haraka kuliko zote ni kubomoka kwa ardhi, na miale ni hatari ya polepole.

Nimetafuta orodha ya majina ya waliochimba Shinkolobwe kati ya 1942 na 1945 na sikuipata mahali popote. Japani wana majina ya wafu wa Hiroshima, yanawekwa chini ya mnara na kuongezwa kila mwaka tarehe 6 Agosti. Manusura wa kule, ambao shirika lao lilipata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2024, walitibiwa, wakaandikwa, wakafuatwa na madaktari kwa miaka. Wajukuu wa wachimbaji wetu hawana hata karatasi ya kuonyesha babu alifanya kazi pale.

Tarehe 22 Septemba 2022 serikali yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaokataza silaha za nyuklia. Mkataba huo unazidai serikali kuwasaidia watu wake walioumizwa na matumizi au majaribio ya silaha hizo. Juu ya wale waliochimba mawe yake, kifungu hicho hakisemi kitu. Kama kuna msomaji mwenye babu au jamaa aliyefanya kazi Shinkolobwe, hata kama kuna kitambulisho cha zamani cha Union Minière kilichobaki ndani ya sanduku, aje kwenye redio na tutaandika jina lake.